Eti Wanyama Wako Serengeti!

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena mambo ya testi na asaimenti. Leo nina dukuduku, acha nilitoe.

Hivi nani alitudanganya kwamba mnyamapori lazima aangaliwe kutoka kwenye Landcruiser? Kwenye TP niliwaambia Form Two wanitajie wanyamapori wa Tanzania. Simba, tembo, twiga, nyumbu, fasta kabisa. Nikasema haya, wa hapa hapa Segerea. Darasa zima kicheko. Mmoja akajitutumua: "Kunguru, mwalimu!" Masikini, hata huyo kunguru mwenye shingo ya kijivu ni mgeni. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale takataka, leo anakula mayai na makinda ya ndege wetu.

Siwalaumu watoto. Nawalaumu wanaowafundisha, yaani sisi tunaosomea ualimu.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita kwetu huku mpaka Jangwani na baharini. Shuka bondeni kabla jua halijawa kali. Utamkuta mdiria juu ya tawi anavizia samaki, na kenge anaota jua. Kwenye matete angalia majani yaliyokatwa kama kwa kisu: hapo ndezi alikula usiku. Nenda Pugu, kuna sange, yule mwenye pua ndefu anayefukua wadudu kwenye majani makavu. Ukimwona utasema panya, kumbe kiukoo yuko karibu zaidi na tembo! Hiyo ni topiki nzima ya Baiolojia, na nauli yake ni ya daladala tu.

Sisi je? Kenge akionekana, mawe. Komba akilia usiku, mchawi huyo. Ndezi tunamjua akiwa kwenye sufuria. Bonde lenyewe tunalimwagia taka na kuchimba mchanga, halafu mvua ikija tunashangaa maji kuingia sebuleni. Matete yale yale anamolala ndezi ndiyo yanayoshika udongo wa kingo. Ukiyafyeka, umemfukuza ndezi na umeukaribisha mto nyumbani.

Najua kuna mtu atasema kenge anakula vifaranga na ndezi anamaliza mahindi. Kweli kabisa, mkulima ana haki ya kulinda shamba lake. Ila tembo naye anaharibu mashamba, mbona yeye tumemwekea hifadhi na askari? Tofauti ni kwamba tembo analeta watalii.

Halafu kumbukeni panya buku. Wanafundishwa pale SUA Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akagundua zaidi ya mabomu 100 na milipuko mingine kule Kambodia, na mwaka 2020 Waingereza wakamvisha medali ya dhahabu. Sisi huku tunamtegea sumu bila hata kumjua jina.

Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha Pugu hapo juu, alitoa tamko Arusha kwamba wanyamapori ni dhamana yetu kwa watoto wa watoto wetu. Mnaokwenda TP mwaka huu, kabla hamjachora nyumbu ubaoni, watoeni watoto nje ya geti. Kama hamjui cha kuwaonyesha, nendeni bondeni kwanza mkajifunze.

Naomba kutoa hoja. Wanaobisha karibuni, ila mje na viatu vya matope.