Kabla shamba la mzee halijauzwa wiki kwa wiki

Kijana wa Diani, Kilifi ama Watamu, kama kwenu mna shamba linaloangalia bahari, hii inakuhusu. Atakuja mwekezaji na picha nzuri za taimshea, yaani hoteli ambayo mtu ananunua wiki yake moja ya kila mwaka. Atasema nyinyi toeni ardhi, mimi nijenge, faida tugawane. Usimfukuze, lakini usitie sahihi pia. Shika kalamu kwanza.

Tuseme wiki moja ni shilingi 300,000. Mwaka una wiki 52, toa mbili za ukarabati, zimebaki 50. Chumba kimoja kinaleta milioni 15. Tamu, si ndio? Lakini wiki haijiuzi. Mawakala, matangazo na zawadi za kuvuta wateja huweza kula karibu nusu ya mauzo. Halafu wiki ya mwezi wa Mei, mvua inapiga na bahari imechafuka, nani atainunua? Disemba watagombania. Mei itakaa tu. Na mwaka 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake wasiende Mombasa ila kwa lazima, watalii walirudishwa kwao na ndege. 2020 ikaja korona. Benki nayo inataka mkopo wake.

Shida kubwa iko hapa: mwekezaji anapata pesa yake akishauza. Kuanzia hapo paa, jenereta na askari wa geti vinategemea ada ya kila mwaka ya wenye wiki. Vyumba 40 ni wanunuzi kama 2,000, wengi wako ng'ambo. Wakiacha kulipa utawafuata wapi? Marekani kuna watu wanauza wiki zao kwa dola moja mtandaoni, bora tu waepukane na ada. Wakati huo hati ya shamba lenu iko benki.

Si kwamba haiwezekani. Mnara wa Zamzam pale Makka umesimama juu ya ardhi ya waqfu. Kampuni ya Kuwait, Munshaat, iliukodi ikauza haki ya kutumia vyumba kwa miaka 24. Ardhi haikuuzwa. (Na Makka wageni hawakatiki mwaka mzima, sisi hatuna bahati hiyo.)

Kwa hivyo kaeni kikao na wazee, na wakili wenu wenyewe, si wa mwekezaji. Kodisheni kwa miaka maalumu, msihamishe hati wala isiwekwe rehani. Ada ya matengenezo iwe na akaunti yake, na mtu wa familia awe anaiona. Na mumuulize wiki za Mei atamuuzia nani.