"Si Alikiri Mwenyewe?" Acheni Hizo Jamani

Niko fildi hapa Masasi, wiki ya tatu, bumu lilishakata zamani ila mihogo ipo na sijafa. Leo siandiki habari za bumu. Jana usiku tulibishana wanachuo wanne mpaka jirani akagonga ukuta, na mimi nililala nimenuna. Kwa hiyo naandika.

Mada ilikuwa Tito Magoti. Mwenzetu mmoja (anasoma sheria, mnisaidie kumshangaa) akasema zile kelele zote za kutaka aachiwe zilikuwa bure, maana mwisho wa siku "si alikiri mwenyewe?" Wawili wakatikisa vichwa kumuunga mkono.

Haya, tukumbushane. Magoti ni mwanasheria, alikuwa ofisa wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 20 Desemba 2019 alichukuliwa Mwenge, Dar es Salaam, na watu waliovaa kiraia. Wenzake wakapiga kelele mtandaoni kwamba katekwa, ndipo polisi wakathibitisha kwamba wanaye. Mahakamani Kisutu alifikishwa tarehe 24, siku nne baadaye, wakati sheria inazungumzia saa 24. Akasomewa mashtaka pamoja na Theodory Giyan: kuongoza genge la uhalifu, kumiliki programu ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa, na kutakatisha fedha, shilingi 17,354,535.

Hilo la kutakatisha fedha ndilo lililofunga mlango. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kililiweka kwenye fungu moja na mauaji, uhaini na wizi wa kutumia silaha: hakuna dhamana. Hakimu hata akikuonea huruma, hana la kufanya. Anayeandika hati ya mashtaka ndiye anayeamua ulale wapi.

Sasa hiyo milioni 17 na ushee tuipime kwa korosho, maana huku kila kitu hupimwa kwa korosho. Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kuzibeba. Gawanya mwenyewe: unapata tani tano na kilo kama 259. Leo asubuhi nikamuuliza mzee ninayepanga kwake, "Shikamoo babu, tani tano za korosho ni nyingi?" Akanicheka. Akasema mwaka ukiwa mzuri na dawa ikipatikana mapema yeye anazifikisha ghalani bila kujisifu. Nilipomweleza kwa nini nauliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mjukuu wangu, na mimi natakatisha?"

Sisemi Magoti asingeshtakiwa. Mwenye ushahidi aulete, mahakama ipo. Ninachosema ni kwamba ushahidi haukuletwa. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa, ikaahirishwa, na wimbo ukawa ule ule: upelelezi haujakamilika. Ulikuwa haujakamilika Januari, haujakamilika Juni, haujakamilika Novemba. Mtu umemkamata kabla hujajua ana kosa gani, halafu unamweka ndani wakati unalitafuta!

Tarehe 5 Januari 2021 wakaingia makubaliano na upande wa mashtaka, utaratibu ulioingizwa kwenye sheria zetu mwaka 2019. Wakakiri, wakatakiwa kulipa fidia ya shilingi milioni 17.3, wakatoka. Kuanzia siku aliyochukuliwa ni siku 382. Sasa wewe uliyekosa umeme siku mbili bwenini ukataka kuandamana, niambie, siku ya 382 ukiwekewa karatasi inayosema saini uende nyumbani, utaisoma kwanza? Kukiri kwa namna hiyo kunatuonyesha mtu amechoka kiasi gani. Kama alifanya kosa au hakufanya, hakutuambii.

Hoja yao ya pili ilikuwa kwamba kampeni ni kuingilia mahakama. Kuingilia kitu gani, wakati kesi yenyewe haikuwa imeanza kusikilizwa? Na mahakama nayo ilishajaribu. Tarehe 18 Mei 2020 Mahakama Kuu, kwenye shauri la Dickson Sanga, ilisema kile kifungu kinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 5 Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Ukishafika hapo ni mlango gani umebaki zaidi ya mdomo?

Mwandishi Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, naye akapewa kutakatisha fedha. Mama yake mzazi alionekana kwenye video akiomba mwanawe aachiwe. Mama akafariki tarehe 31 Desemba 2019. Mawakili wakaomba Kisutu mtoto aende kumwaga mama yake, ombi likakataliwa. Alitoka Februari 2020, naye kwa kukiri na kulipa. Huku kwetu kumnyima mtu kumzika mama yake ni jambo ambalo hata maadui wa shamba hawafanyiani.

Na msidhani mambo haya yalikwisha na awamu ile. Aprili 2025 Tundu Lissu alikamatwa Mbinga, hapo kwa jirani zetu wa Ruvuma, kesho yake akasomewa uhaini. Dhamana hakuna, fungu ni lile lile. Chama chake sikipigii debe na kadi yao sina. Mwanasheria yule wa jana nilimuuliza swali hilo hilo akasema "hiyo ni siasa". Ya Magoti ni jinai, ya Kabendera ni uchumi, ya Lissu ni siasa... kila moja ina jina lake la kutufanya tukae kimya.

Kwa hiyo siku mtu mwingine akichukuliwa, mimi nitauliza mambo matatu tu, na nitauliza kwa sauti: yuko kituo gani, amefikishwa mahakamani lini, na upelelezi ulikamilika kabla hajakamatwa au unaendelea akiwa ndani? Siku Magoti alipochukuliwa, lile la kwanza lilipata jibu kwa sababu watu walipiga kelele. Mwenzangu wa sheria, uwanja wa maoni uko wazi, karibu ubishe.