Gunia la Kyela, Mchele wa Dutumi

Mwezi uliopita nilikwenda Dutumi kumjulia hali shangazi. Mpwa wangu, aliyewahi kuandika anwani yake katika semina moja ya ujasiriamali, alinionyesha simu. "Mjomba, kila siku barua pepe. Najiondoa, zinarudi."

Nilizisoma. Muuza viwanja, muuza samani, chuo cha ufundi. Chini kabisa ya kila barua, kwa maandishi madogo, jina la wakala mmoja wa matangazo wa Dar es Salaam. Nikapiga simu. Kijana aliyepokea alinijibu kwa adabu: "Mzee, orodha ni za wateja wetu, na mtambo wenyewe si wetu, tumeukodi nje." Nje wapi? Hakujua.

Biashara hiyo inaeleweka. Kampuni ya ng'ambo hujenga mtambo wa kutuma barua pepe kwa wingi. Wakala wa hapa huukodi, hufuta jina la mwenyewe, hubandika lake, kisha huwauzia wateja. Mteja akiingia huona nembo ya wakala, hata anwani ya ukurasa ni ya wakala, kwa kuwa kikoa chake kimeelekezwa kimyakimya kwenye seva za mwenye mtambo. Ni sawa na mchele wa Dutumi kuuzwa Kariakoo katika gunia lililoandikwa Kyela, ila mchele haubebi majina ya watu.

Sigombi na wakala kutafuta riziki. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka watumaji wa barua nyingi wathibitishe vikoa vyao na kuweka njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Ofisi ya watu watatu haiwezi kujijengea hayo yote.

Tatizo liko kwenye mbofyo huo. Katika mitambo ya namna hii kila mteja wa wakala huwa na akaunti yake ndogo. Mpwa wangu anapojiondoa kwa muuza viwanja, jina lake hubaki kwa muuza samani, na anwani ikishagawiwa kwa wateja kumi, ajiondoe mara kumi. Hajui hata wa kumlalamikia, maana nembo imeficha mlango.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitazami nembo. Inamtambua mkusanyaji na mchakataji, inawataka wasajiliwe kwenye Tume, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara. Lakini haki hiyo utaidai kwa nani, ikiwa wakala mwenyewe hajui seva ziko nchi gani?

Kwa hiyo nasema wazi: wakala abandike jina lake apendavyo, lakini mkataba na barua vimtaje mwenye mtambo na nchi aliko, na anayejiondoa kwa mteja mmoja aulizwe papo hapo kama anataka kuondolewa kwa wote. Watumishi wa umma mnaoandaa zabuni za matangazo, sharti hilo mnaweza kuliandika kesho asubuhi bila kusubiri Bunge.

Mpwa wangu hakusubiri. Kabla sijaondoka alikuwa amefungua anwani mpya, ile ya zamani akawaachia wauza viwanja. Ndiyo aliyoiandika katika maombi yake yote ya kazi.