Yaya Ametoa Makuta, Mdogo Ana Ufunguo

Kuanzia Julai 2022, shaba na kobalti ya mgodi wa Tenke Fungurume, Kongo, ilikwama. Mgodi uliendelea kuchimba na mitambo ikaendelea kusafisha, lakini malori hayakuruhusiwa kuvusha mzigo mpakani, na kwa karibu miezi kumi mali ikarundikana bila kwenda popote. Hapakuwa na vita barabarani wala daraja lililobomoka. Wabia wawili walikuwa wanagombania daftari. Gécamines, shirika la madini la serikali lenye asilimia 20, ilidai kwamba kampuni ya CMOC ya China, yenye asilimia 80, haikuandika akiba yote ya madini iliyoko chini ya ardhi, na akiba isiyoandikwa hailipiwi. Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi ilikuwa imekwisha kuuwekea mgodi msimamizi wa muda tangu Februari mwaka huo. Aprili 2023 wakapatana: CMOC ilipe dola milioni 800 kidogo kidogo, na juu yake gawio lisilopungua dola bilioni 1.2 katika maisha yote ya mgodi.

Lubumbashi iliufuata ugomvi ule kama inavyofuata mechi ya timu zake mbili, Mazembe na Lupopo. Kila mtu alikuwa na upande. Kisha watu wakarudi nyumbani, wakaendelea kuweka fedha zao katika ubia usio na karatasi hata moja.

Ubia wenyewe, mara nyingi, ni depo. Mji huu unaishi kwa mizigo. Tangu reli ilipofika kutoka kusini mwaka 1910, kila kinacholiwa na kuvaliwa hapa hupita kwanza mahali fulani pa kuwekwa. Unga unaotoka Zambia unaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, saruji na vyuma vinaingia kwa njia hiyo hiyo, na mwenye biashara katika soko la mtaa wa Kenya hana nafasi ya viroba mia mbili katika meza yake. Anahitaji chumba chenye bati lisilovuja na kufuli. Mtu mwenye parseli Kampemba, karibu na eneo la viwanda, anayajua hayo kuliko mchumi yeyote. Anasawazisha uwanja, anajenga vyumba kwa safu mbili zinazotazamana, anaacha katikati nafasi ya lori kugeuka, na langoni anaweka mlinzi.

Mlinzi ana kiti, redio na daftari la shule lenye miraba. Humo mna safu nne: tarehe, jina, kilichoingia, kilichotoka. Nyuma, kwenye kurasa za mwisho, ndimo linamoandikwa pango, mara kwa dola, mara kwa faranga, mara kwa jina tu na neno "amelipa". Ukiuliza hesabu ya depo, utaoneshwa daftari hilo. Nalo ni daftari zuri kwa kazi yake, kwani linajua mzigo wa nani uko chumba gani. Kuhusu depo ni ya nani, halina hata mstari.

Tuchukue mfano wa kufikirika, ingawa wasomaji wengi watawatambua wahusika. Yaya, ndugu mkubwa, yuko Brussels na mdogo wake yuko Lubumbashi. Yaya anatuma dola 60,000 za kujengea. Mdogo analeta parseli, wanaipa thamani ya dola 20,000, na anasimamia kazi. Vyumba ni 20, kila kimoja dola 60 kwa mwezi, na kwa wastani 16 vina wapangaji. Kwa mwaka pango ni dola 11,520. Ukiondoa mlinzi, kodi, mabati na kufuli, tuseme zinabaki 8,000. Kwenye simu mdogo anasema, "Yaya, depo inatembea vizuri." Na kweli inatembea.

Lakini zile 8,000 si faida bado. Jengo la dola 60,000 halitasimama milele. Likihesabiwa kudumu miaka 20, kila mwaka dola 3,000 zinakwenda na uchakavu, hata kama hakuna aliyezitoa mfukoni. Faida inakuwa 5,000. Kwa mgawo wa robo tatu na robo, yaya anapata 3,750 na mdogo 1,250. Hapo ndipo mdogo anapokunja uso, na ana haki ya kukunja: mwaka mzima ameamka alfajiri kufungua lango, amebishana na wapangaji, amekimbizana na watoza ushuru, na mshahara wake haukutajwa popote. Kwa kuwa haukutajwa, anajilipa mwenyewe, kimya kimya, kutoka kwenye kurasa za nyuma za daftari.

Kuna pia kitu kingine, kidogo kwa sura, ambacho kimewaangusha wengi. Kila mpangaji anapoingia anaacha garanti, tuseme ya miezi mitatu. Kwa wapangaji 16 ni dola 2,880. Fedha hiyo imo mkononi mwa mdogo, inafanana kabisa na fedha nyingine, inanunua saruji ile ile. Kwa hesabu sahihi ni deni: siku mpangaji anapotoa mzigo wake wa mwisho, anarudishiwa. Aliyeila kama mapato atakuja kumlipa mpangaji anayetoka kwa garanti ya anayeingia, na mwaka ambao wanaotoka ni wengi kuliko wanaoingia, depo yenye faida inafunga lango.

Mbaya zaidi ni deni la ndani. Tuseme bati limeezuliwa na upepo na mdogo "anaikopesha" depo dola 10,000 zake kwa riba ya asilimia kumi. Riba hiyo, dola 1,000 kwa mwaka, inatoka kabla ya gawio. Akifanya hivyo mara tatu nne, yaya bado ana robo tatu zake, safi kabisa, robo tatu za kitu ambacho hakibakizi chochote. Anayedhani huo ni ujanja wa watu wadogo aikumbuke Kamoto Copper Company ya Kolwezi, ambamo mwaka 2018 Gécamines ilikuwa na asilimia 25 na kampuni ya Glencore ndiyo iliyoshika usukani. Aprili mwaka huo Gécamines ilikwenda mahakamani ikitaka kampuni ivunjwe, kwa sababu madeni ya kampuni kwa mbia wake mkubwa yalikuwa yameumeza mtaji, na sheria hairuhusu mtaji wa kampuni ya hisa kushuka chini ya nusu bila kurekebishwa. Juni mwaka huo wakapatana: dola bilioni 5.6 za deni hilo zikageuzwa kuwa mtaji, na Gécamines ikalipwa dola milioni 150 kumaliza madai. Albert Yuma, aliyekuwa mwenyekiti wa Gécamines wakati ule, alikuwa amelalamika mara nyingi hadharani kwamba wabia wanachimba na gawio halionekani.

Ikiwa shirika la serikali lenye wanasheria na jengo refu katikati ya mji lilifikishwa hapo, yaya wa Brussels mwenye ujumbe wa WhatsApp atasimama wapi?

Sheria ya kumlinda ipo, na si ngeni hapa. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, na amri za zamani, pamoja na ile ya 1887 juu ya makampuni ya biashara, zikapisha sheria mpya. Miongoni mwa sura za kampuni zilizomo kuna moja ambayo wafanyabiashara wa Lubumbashi karibu hawaigusi, nayo inamfaa yaya na mdogo kama kofia na kichwa: komandite ya kawaida. Ndani yake wamo wabia wa aina mbili. Mmoja anaendesha, na madeni ya kampuni yakizidi, yanamfuata hadi nyumbani kwake. Mwingine ametoa mtaji tu. Depo ikiungua, anapoteza alichoweka, na hakuna atakayegonga mlango wake Brussels.

Kinga hiyo ina bei. Mtoa mtaji haruhusiwi kuiwakilisha kampuni mbele ya watu wa nje, hata kwa wakala. Yaya akianza kusaini mikataba na wapangaji kwa njia ya simu, anaweza kubebeshwa madeni sawa na mdogo. Kushauri na kukagua hakumwondolei kinga. Mara mbili kwa mwaka ana haki ya kuyaona madaftari na nyaraka za kampuni na kuuliza maswali kwa maandishi, na msimamizi analazimika kumjibu kwa maandishi. Mtu akisoma kifungu hicho kimoja ataona kwamba mdogo naye analindwa. Anayejibu kwa karatasi mara mbili kwa mwaka haamshwi usiku wa manane na simu ya "nasikia umenunua gari".

Hesabu zenyewe si mlima. Kanuni za uhasibu za OHADA zilizoanza kutumika Januari 2018 zinairuhusu biashara ndogo ya huduma, yenye mapato yasiyofikia faranga za CFA milioni 30 kwa mwaka, yaani karibu dola 50,000, kutumia mfumo mwepesi unaofuata fedha inayoingia na inayotoka. Depo ya vyumba 20 imo humo bila shida. Daftari la mlinzi linahitaji safu chache zaidi, na mtu mmoja wa kuzijumlisha mwisho wa mwezi.

Penye ugumu wa kweli ni ardhi, na hapo ndipo ndugu wengi wamefarakana. Kwa sheria ya Julai 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya taifa, haiuzwi. Kinachomilikiwa ni haki ya kuitumia. Mkongomani, mtu wa damu na nyama, anaweza kupewa haki ya kudumu. Kampuni haiwezi, hata ikiwa ya Wakongomani watupu; inapata haki ya miaka 25, inayoweza kuongezwa. Kwa hiyo mdogo anapoingiza parseli yake katika kampuni anaachia kitu kizito, na wengi wakishaelezwa hivyo wanarudi nyuma. Wanasema, "Parseli ibaki kwa jina langu, depo iwe yetu." Neno hilo ni tamu kwa masikio. Lakini cheti cha usajili wa ardhi kikishapita miaka miwili hakipingwi tena kirahisi. Anayedai kudhulumiwa hubaki kuomba fidia. Yaya atakuwa amejenga dola 60,000 juu ya kiwanja cha mtu. Njia ya katikati ipo: parseli ibaki ya mdogo, kampuni iipange kwa mkataba mrefu wa maandishi, na mkataba useme jengo ni la nani siku ya kuachana. Bila karatasi hiyo, maneno "ni yetu" hayana uzito wowote mbele ya hakimu.

Marekani wameipitia njia hii kabla yetu, kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1972 Bradley Wayne Hughes na Kenneth Volk walifungua depo ya vyumba vya kukodi El Cajon, California, mwanzo wa kampuni ya Public Storage. Fedha za kujenga nyingine walizikusanya kwa watu wa kawaida, kwa mifuko ya komandite hasa: wao wasimamizi, wenye akiba watoa mtaji. Madaftari yao yalitunzwa na kutangazwa kila mwaka. Hata hivyo, miaka ilivyopita, uchakavu uliendelea kuyateremsha majengo kwenye vitabu wakati miji ilikuwa inayafikia na thamani ya viwanja inapanda. Ilipofika wakati wa kuuza hisa za mifuko hiyo, mnunuzi mara nyingi alikuwa Public Storage yenyewe. Msimamizi anayejua hesabu zote ndiye aliyekuwa ananunua kwa asiyezijua vizuri.

Kwa sababu hiyo kifungu cha kutoka kiandikwe mapema kuliko vyote, siku ile ndugu bado wanacheka pamoja: nani atathamini jengo, mbia anayetaka kuuza amuuzie nani kwanza, na mbia akifa warithi wake wanachukua hisa au fedha. Kwa desturi za kwetu swali la kifo linaonekana kama uchuro, basi hupita bila kuulizwa, na msiba ukifika wajomba ndio huligeuza kuwa kelele.

Guichet Unique, dirisha la kuanzishia kampuni, lingeweza kupunguza sehemu kubwa ya makambo haya kwa kurasa sita au saba: mfano wa mkataba wa komandite, wenye nafasi za kujaza majina, mchango wa kila mmoja, mshahara wa msimamizi, garanti, mikopo ya ndani na namna ya kuachana. Uandikwe kwa Kiswahili. Lugha za kazi za OHADA ni Kifaransa, Kiingereza, Kihispania na Kireno, ilhali katiba ya Kongo inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na ndicho kinachotumika langoni Kampemba pale mpangaji mpya anapofika na lori lake la unga, anahesabu makuta ya garanti mbele ya mlinzi, na mlinzi anafungua ukurasa wa mwisho wa daftari kuandika jina.