Kijiko cha mtumba na nambari zake: nani anazisoma Ibra, Sur na Nizwa?

Aprili 2024, mafuriko yaliipiga Sharqiya ya Kaskazini na kuchukua roho za watoto wa skuli kule Samad al-Shan. Siku kama zile ndipo mtu anapoijua thamani ya kijiko, yaani lile katapila la mkono mrefu. Wadi ikishakata barabara na falaji ikizikwa na mawe, hakuna mikono ya watu itakayotosha. Na kijiko kikizima katikati ya kazi na kuandika nambari kwenye skrini, suala linakuwa moja tu: hapa mtaani nani anaweza kuisoma?

Vijiko vingi vinavyofanya kazi huku kwetu ni vya mtumba. Vimechimba Japani, Korea au Ulaya, vikapita kwenye viwanja vya Sharjah au minada ya Jebel Ali, ndipo vikafika Oman. Familia zetu kadhaa zimeingiza akiba humo. Jamaa yangu mmoja wa Ibra, yeye na ndugu zake wawili, walichangishana wakanunua kimoja wakikusudia kukikodisha kwa makandarasi. Wiki ya tatu injini ikapoteza nguvu, skrini ikaandika kwamba shinikizo la mafuta ya diseli liko chini. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Alisema pampu imekufa, na bei aliyoitaja ingenunua gari dogo la zamani.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoumizwa. Nambari haisemi kilichoharibika. Inasema kile kompyuta ilichokihisi. Shinikizo likiwa dogo, sababu inaweza kuwa pampu kweli, lakini pia filta iliyoziba, maji ndani ya mafuta, nozeli inayovuja au hewa inayonyonywa njiani. Fundi wa pili, kijana mtulivu, alifunga kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, baina ya tangi na filta, akawasha injini. Mapovu yakaonekana. Mpira wa asili ulikuwa umepasuka kwa joto, mahali ambapo jicho halifiki. Ulibadilishwa kwa riali chache na kijiko kikarudi kazini jioni ile ile.

Mpango wenyewe si mgumu kama unavyotishwa. Injini nyingi za miaka hii hufuata kanuni iitwayo J1939, ambapo nambari huja kwa sehemu mbili. Ya kwanza hutaja kitu: 100 ni shinikizo la oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupoza, 157 ni shinikizo la reli ya mafuta. Ya pili hutaja namna ya kosa. Caterpillar nao wana orodha yao ya vitu, lakini sehemu ya pili inafanana: 3 ni umeme uliozidi, 4 ni uliopungua, na 5 aghalabu ni waya uliokatika. Komatsu wana herufi zao. Zinazoanza na CA hutoka kwenye kompyuta ya injini. Kwa hiyo ukiona 3, 4 au 5, usikimbilie kununua sensa. Kamata mita ya umeme kwanza, upime kama zile volti 5 zinazolisha sensa nyingi zinafika. Na ikiwa kompyuta hazisemezani, zima mashine, toa betri, upime nyaya mbili za mawasiliano: zikiwa salama utapata omu 60 hivi, kwa sababu kila ncha ina kizuizi cha omu 120. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Mita ya bei nafuu inatosha kwa kazi hii.

Pia mahali pana kosa lake. Sur ni chumvi ya bahari: viunganishi vya waya huota kutu ya kijani, na nambari huja na kuondoka bila ya kueleweka. Ibra ni vumbi la mchanga, halafu mtu anakuja kuosha tope la wadi kwa mashine ya maji ya nguvu na kuyasukuma maji ndani ya plagi. Nizwa na milima yake ni joto na mawe, na radieta iliyojaa vumbi. Sheria inakataza kazi za juani saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Imewekwa kwa ajili ya watu, lakini mashine nayo inapumua.

Kwa anayenunua, nambari zilizofutwa ni hatari kuliko zinazoonekana. Muuzaji akishazifuta asubuhi, skrini inakuwa safi kama sahani ya Idi. Omba ufanyishwe kazi ya kweli, saa nzima, mafuta ya haidroliki yapate moto, kisha utazame tena. Na anayetaka kuipeleka mashine Tanga au Mombasa ajue kwamba Afrika Mashariki ilipanga diseli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015, hali mashine mpya zenye kichujio cha moshi zimetengenezwa kwa diseli ya 10 au 15. Kichujio kikiziba, kompyuta huipunguzia injini nguvu, na lawama anaangushiwa dereva.

Kuna siasa pia ndani yake. Programu kamili ya uchunguzi imo mikononi mwa watengenezaji na mawakala wao, na kutoka Sur kumpata mtu mwenye kompyuta hiyo ni gharama ya siku nzima ya kazi. Marekani ugomvi huu umefika mahakamani: Januari 2025 serikali kuu ilimshitaki Deere, mtengenezaji wa matrekta, kwa kuwabana wakulima wasitengeneze mashine zao. Sisi huku tunanyamaza na kulipa.

Bado dawa iko karibu kuliko tunavyodhani. Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, kilichoundwa 2020, kina matawi Ibra, Nizwa na Sur, miji yote mitatu. Kozi fupi ya mita, michoro ya waya na nambari hizi ingewapa vijana wetu kazi isiyohitaji kuhamia Maskati. Kwa maoni yangu ina faida kuliko cheti kingine cha uongozi wa biashara.

Yule jamaa wa Ibra sasa ameweka daftari ndani ya kibanda cha kijiko. Dereva, Mpakistani, huandika nambari, saa ya mashine na alichokuwa akifanya, kisha hupiga picha akaituma. Ukurasa wa kwanza una maana za nambari kwa Kiarabu, Kiurdu na Kiswahili, kwa mwandiko wa watu watatu.