MALI BILA DAFTARI

Wenzangu, huku Uganda yako mashamba ya mpunga ya Kibimba na ya Doho. Huko bata wa mwitu hupenda kushuka. Nilipokuwa mwanafunzi, mimi na mwenzangu tulimwona huko bata mgeni kwetu. Tuliporudi shuleni mwalimu akauliza, "Mdomo wake rangi gani?" Mimi nikasema buluu, mwenzangu akasema mweusi. Darasa zima likacheka, nalo lilikuwa na haki.

Bata si rahisi kuwatambua. Garganei dume, atokaye Ulaya na Asia, ana mstari mweupe juu ya jicho. Akibadili manyoya hufanana na jike. Makoa dume, ambaye jamii yake imo hatarini kutoweka duniani, huwa na mdomo wa buluu wakati wa kuzaana. Labda wetu alikuwa huyo, sitajua kamwe.

Zamani wataalamu waliwapiga ndege risasi wapate ushahidi. Leo picha, penseli na karatasi vyatosha. Basi yafaa kila shule iwe na daftari la ndege. Andika pale pale, kabla ya kufungua kitabu: tarehe, saa, mahali, mdomo, jicho, bawa, mkia. Mwenzako naye aandike yake peke yake. Kisha zipelekeni habari kwa NatureUganda, Kampala.

Wako watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Sivyo. Vinamasi vyetu vinakaushwa. Bata asipoandikwa, nani atajua kilichopotea? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.