Usimlaumu Mwimbaji Kabla ya Kupima Mashine

Moi's Bridge ni mji wa mahindi. Ukitoka Eldoret kuelekea Kitale utaupitia, na msimu wa mavuno utayaona malori yakielekea kwenye maghala ya nafaka. Lakini leo sikuletei habari za mahindi. Nakuletea kisa cha kwaya moja ya huko iliyonusurika kuvunjika kwa sababu ya laptopu.

Wanakwaya hao walichanga fedha baada ya kuuza mazao, wakanunua laptopu ya mtumba, maikrofoni na visikizi visivyo na waya. Studio za mjini waliziona ghali, wakaamua kujirekodi wenyewe sebuleni kwa mwalimu wao. Kinanda na sauti ya kwanza vilirekodiwa pamoja, vikatoka vizuri. Kisha ikaja zamu ya binti wa sauti ya pili, aimbe peke yake katika traki yake huku akisikiliza ile iliyotangulia.

Zilipochezwa pamoja, binti alisikika akiburura nyuma ya kinanda. Akaambiwa arudie. Akarudia. Jioni ya tatu mwalimu alipandisha hasira: "Wewe binti, masikio umeyaacha wapi?" Maskini binti alikunja karatasi yake ya wimbo, akaenda zake, akaapa kwamba hataimba tena.

Nilipoitwa kuitazama mashine, nilimwambia, "Samahani, Mwalimu. Hebu vaa visikizi wewe mwenyewe, upige makofi kufuata kinanda." Akapiga. Tulipocheza, makofi yake nayo yakawa nyuma! Akarudia mara tatu, na kila mara pengo lilikuwa lile lile: takriban milisekunde 180, yaani karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Mwalimu akavua visikizi, akanyamaza.

Hapo ndipo penye somo, msomaji. Kosa la mtu hubadilika: mara awahi, mara achelewe, mara apatie. Ukiona kuchelewa ni kule kule kila mara, mshuku mtambo kwanza.

Kwa nini laptopu huchelewa? Kompyuta haibebi sauti kama bomba linavyobeba maji. Huipima kama mama sokoni anavyopima mahindi kwa gorogoro: hujaza kwanza, ndipo amimine. Chombo hicho mafundi hukiita bafa. Sauti ya kawaida ya CD hukatwa vipande 44,100 kwa sekunde. Bafa ya vipande 1,024 huchukua milisekunde 23 kujaa. Ya vipande 128 huchukua 3 tu. Sauti hupimwa ikiingia na hupimwa tena ikitoka, na visikizi vya Bluetooth huongeza kuchelewa kwao, mara nyingi milisekunde 100 na zaidi. Hewani sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Basi milisekunde 180 ni sawa na kumweka binti yule mita 60 kutoka kwenye kinanda, kisha kumgombeza kwamba haendi sambamba!

Wala tatizo hili si geni. Enzi za kanda, kichwa cha kurekodi kilikuwa mbali kidogo na kichwa cha kuchezea. Kanda ikienda sentimita 38 kwa sekunde, umbali wa sentimita 4 tu ulitosha kumchelewesha mwimbaji kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kampuni ya Ampex ya Marekani ilitatua jambo hilo kwa kukifanya kichwa cha kurekodi kicheze pia traki za awali. Mpiga gitaa Les Paul alipata mtambo wao wa traki 8 mwaka 1957.

Nawe fanya hivi. Kwanza, weka kando visikizi vya Bluetooth unaporekodi, utumie vya waya. Kule Moi's Bridge hatua hiyo pekee ilipunguza pengo kutoka milisekunde 180 hadi 50.

Pili, ikiwa mwimbaji anajisikia mwenyewe kwa kuchelewa anapoimba, punguza bafa. Anza na 256, kisha 128. Usipunguze kupita kiasi, kwani gorogoro dogo hutaka mikono myepesi. Kompyuta ikizidiwa, sauti hukatika na kukwaruza. Funga programu nyingine, chomeka chaja, na mapambo kama mwangwi uyaongeze baadaye. Wakati wa kuchanganya traki, ambapo hakuna anayeimba, rudisha bafa kubwa.

Tatu, njia rahisi kuliko zote: zima kabisa ile sauti ya mwimbaji inayorudi kupitia kompyuta. Asikilize kinanda kwa sikio moja, na sikio la pili aliache wazi ajisikie mwenyewe.

Nne, pima kilichobaki. Audacity, programu ya bure, ina mahali pa kusahihisha kuchelewa katika mipangilio yake ya sauti, na kwa kawaida huanza na milisekunde -130. Tengeneza traki ya mapigo, weka kisikizi kimoja karibu na maikrofoni, urekodi mapigo hayo katika traki ya pili. Kuza picha ya sauti upime pengo. Sisi tulipata bado 50, basi tukaandika -180 badala ya -130. Tukajaribu tena, mapigo yakakaa sambamba. Kumbuka kupima upya kila ubadilishapo vifaa au bafa.

Hayo yote hayakuongeza gharama ila ya visikizi vya waya. Lakini kulikuwa na deni jingine ambalo programu haiwezi kulilipa. Kesho yake mwalimu alikwenda mwenyewe nyumbani kwa kina binti, akaketi mbele ya mamaye, akasema, "Mama, nilimkosea mtoto wako. Aliyekuwa akichelewa si yeye." Jioni hiyo binti alirudi, akaimba mara moja tu, na traki ikakaa mahali pake.

Wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaorekodi nyimbo bwenini, likumbukeni hilo. Mashine haioni haya ikisingiziwa. Mtoto huumia, na pengine asiimbe tena. Pimeni kwanza, ndipo mseme.